Honi ya kaka

Oktoba 2022 kaka yangu alikuja kunitembelea Ujerumani, nami nikampeleka Ugiriki kwa siku tano. Mimi mawazo yangu yalikuwa ufukweni. Yeye akaitazama ramani ya Epirus, kule kaskazini-magharibi karibu na Albania, akaona barabara zilivyojikunja kama utumbo, akasema, "Mdogo wangu, bahari si tunayo Tanga? Twende huku."

Kaka amepandisha lori kutoka Mombo hadi Lushoto miaka mingi, kwa hiyo mlima haumtishi. Kilichomsumbua tulipotoka Ioannina na gari la kukodi ni usukani kuwa upande wa kushoto: kila akitaka kubadili gia, mkono unagonga mlango.

Zagori, eneo la milimani huko Epirus, ina vijiji 46, na huko ni mawe juu ya mawe. Kuta mawe, vichochoro mawe, hata paa ni mabamba ya mawe yaliyopangwa kama magamba ya samaki. Karibu na Kipoi tuliteremka kuona daraja la Kokkori, la mwaka 1750, tao moja tu kati ya majabali mawili. Kaka alipanda hadi katikati, akapiga mguu chini kama anayekagua tairi. "Hela ya hili haikuliwa," akasema.

Korongo la Vikos tulilichungulia kutoka Oxya, juu ya Monodendri. Mimi nilichungulia kwa sekunde mbili, nikarudi garini.

Safari yenyewe hasa ilianza baada ya Aristi. Barabara inateremka hadi mto Voidomatis, maji maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto za chini, kisha inavuka daraja na kuanza kupanda kwenda kijiji cha Papingo kwa kona za kukunjana. Hapo kaka akarudi Lushoto. Kila kona, honi! Ndefu, ya lori, ingawa gari letu lilikuwa dogo kama kiatu. Nikamwambia watu hapa hawapigi honi hivyo, ni aibu. "Aibu ni kukutana na basi uso kwa uso," akanijibu. Hatukukutana na basi. Tulikutana na ng'ombe mmoja mwenye kengele shingoni, na honi haikumsogeza hata unyoya.

Wakati tunamngojea, nikaona pembeni mwa kona kijisanduku cha bati juu ya nguzo, kimeundwa kama kanisa, ukubwa wa kizimba cha njiwa. Niliwahi kuviona vingi njiani nikadhani ni vya barua. Ndani ya kioo kulikuwa na picha ya mtakatifu, bilauri yenye mafuta na utambi, na chupa ya soda iliyojazwa mafuta ya akiba. Nikaelewa hiyo kona ilishawahi kufanya nini. Sikumsema tena kaka kuhusu honi.

Papingo tuliegesha, tukaingia mkahawa mdogo wenye meza chini ya mti. Kabla hatujaketi, mzee akatoka na vikombe viwili vya kahawa, ile yenye machicha chini, na pai nyembamba ya unga na jibini. Nikamwambia kwa Kijerumani kwamba hatujaagiza bado. Akacheka, akanijibu kwa Kijerumani safi kuliko changu. Alifanya kazi kiwandani Stuttgart ujana wake, kama Wagiriki wengi wa rika lake.

"Nimewasikia tangu mtoni," alisema. "Nikaweka maji jikoni."

Nilipomtafsiria kaka, alijiegemeza kitini kama mkuu wa mkoa.

Jua lilipoanza kuzama nyuma ya milima tukaaga. Mzee alitusindikiza hadi garini, akainama dirishani upande wa dereva, na kunipa mimi ujumbe: kaka akifika darajani apige tatu, ili yeye ajue tumeshuka salama, ndipo afunge.

Tulishuka kwa gia ya pili, mataa yamewashwa. Darajani kaka akasimamisha gari, akafungua kioo, akapiga tatu. Milima ikazirudisha zote. Akangoja kidogo, kisha akaongeza ya nne.

"Hiyo ya kahawa," akasema.