Siku moja maishani mwangu: iodini inaingia mwisho

Saa 2:00 asubuhi. Nabandika beji ya kupimia mionzi kwenye koti, navaa glavu jozi mbili, kisha napanga matofali ya madini ya risasi, yanayozuia mionzi, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Leo tunaitia iodini yenye mionzi hapteni yetu ili tuweze kupima jinsi kingamwili zinavyoinasa. Hapteni hiyo ni NIP (kifupi cha nitro, iodini na fenili katika jina lake la kikemia), ambayo Brownstone, Mitchison na Pitt-Rivers waliieleza mwaka 1966. Ni molekuli ndogo isiyoweza peke yake kuuchochea mwili utengeneze kingamwili mpaka ishikizwe kwenye protini kubwa, ingawa kingamwili zikishakuwapo huinasa hata ikiwa huru.

Saa 3:00. Iodini yenye mionzi ikitiwa mapema, kila hatua inayofuata, iwe ya kuunganisha, kusafisha au kukausha, hulazimika kufanyika nyuma ya risasi, na sehemu ya mionzi hupotea katika kila chombo. Kwa hiyo tumeugeuza mpangilio. Asidi ya hidroksifenilasetiki imekwisha kutiwa nitro (kundi la nitrojeni na oksijeni) na kuunganishwa na asidi ya aminokaproiki, na unga huo wa njano unakaa jokofuni ukiwa salama. Kwa kuwa nitro imekalia nafasi moja jirani na hidroksili (kundi la oksijeni na hidrojeni), nafasi ya upande wa pili ndiyo iliyobaki wazi, na iodini huenda hapohapo. Kwangu mimi, huo ndio uzuri wa molekuli hii.

Saa 4:00. Natia iodini-125, kisha kloramini-T, inayoiwezesha iodini kushika kwenye molekuli, na baada ya muda mfupi nasimamisha mmenyuko kwa metabisalfiti ya sodiamu. Sithubutu kuweka asidi karibu, maana iodini huweza kupaa kama mvuke, na ikivutwa hukimbilia tezi ya thairoidi. Kusafisha kwenye bamba la silika kunachukua asubuhi iliyobaki.

Saa 8:00 mchana. Nachanganya hapteni na seramu (majimaji ya damu) ya sungura aliyechanjwa kwa NIP, kisha naongeza chumvi ya salfeti ya amonia iliyokolea kabisa, ujazo kwa ujazo. Kingamwili hutuama pamoja na hapteni zilizozinasa, na hapteni huru hubaki majini.

Saa 11:00 jioni. Mashine ya kuhesabu mionzi ya gama inaonyesha hesabu kubwa kwa sungura aliyechanjwa. Katika mrija uliotiwa pia NIP nyingi isiyo na mionzi ili ishindanie kingamwili, hesabu imeshuka karibu na ya seramu ya kawaida, kwa hiyo kilichonaswa ni hapteni kwa kingamwili zake. Nusu-maisha ya iodini-125, yaani muda wa mionzi yake kupungua kwa nusu, ni siku 60 hivi. Hapteni tuliyoitengeneza leo itatumika kwa wiki kadhaa.