Asumini kwenye kadi za harusi

Agosti 2011 tulikuwa Tanga, katikati ya Ramadhani. Mtoto wa shangazi, ambaye kwangu ni dada, alikuwa anaolewa Mfungo Mosi, na kazi ya kadi za mwaliko niliiomba mwenyewe. Nilishazoea kutengeneza kadi za Idi kwa mkasi na gundi. Kwa dada nilitaka zaidi: kila kadi ipigwe ua la asumini kwa mkono, moja moja, ili mgeni akiipokea ajue kuna mtu aliyekaa nayo.

Muhuri alinichongea fundi wa mjini, mpira uliobandikwa kwenye kibao, upana wake kama kiganja cha mtoto. Shangazi alichagua karatasi ngumu ya kung'aa, nikanunua ya kutosha kadi 120. Wino wa zambarau aliukataa mapema, alisema mialiko itafanana na barua za ofisini. Basi nikachukua pedi mpya ya muhuri na kichupa cha wino mwekundu.

Usiku ule, baada ya tarawehe, nilimimina karibu kichupa kizima kwenye pedi. Niliamini wino ukiwa mwingi ndiyo rangi itakolea. Nikawa nautwanga muhuri kwenye pedi, kisha naukandamiza juu ya kadi kwa nguvu zote, nikiuyumbisha huku na huku ili pembe zote zishike. Ua likatoka limevimba. Vijistari vya ndani ya petali, ambavyo fundi alivichonga kwa subira, vilijaa wino vikapotea kabisa, na pembeni mwa ua kukawa na mstari mwekundu, alama ya ukingo wa mpira. Nikajiambia zikikauka zitapendeza. Nikazipanga moja juu ya nyingine, nikalala.

Tulipoamka kula daku, nyuma ya kila kadi palikuwa na ua la kadi iliyokuwa chini yake. Kadi 46. Shangazi aliinua moja, akaiweka taratibu, akaenda kunawa vidole. Hakusema neno, na hilo ndilo lililonichoma. Asubuhi nilijaribu kunyunyiza poda ya mtoto ili ikaushe wino. Ua likafifia, na ukiligusa bado lilikuwa linatoka.

Alasiri nikaenda kwa babu jirani yetu, karani mstaafu wa posta. Huyu amegonga mihuri kwa mkono miaka na miaka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona mikono imekuwa hivyo, umechinja?"

Nikamwonyesha. Kitu cha kwanza alichokishika ni karatasi, wala si muhuri. Akaipitishia ukucha. Akanieleza kwamba wino wa pedi hizi una gliserini ndani yake, ndiyo maana pedi haikauki hata ikae wazi mchana kutwa. Hauwahi kukauka kwa hewa kama rangi ya ukutani. Unakauka kwa kunywewa na karatasi. Karatasi ya kung'aa imepakwa juu, hainywi. "Hizi ungezianika mpaka Idi, zingekuchafua vilevile."

Halafu akaomba wembe. Akaukata mpira uliozidi pembeni mwa ua, akiinamisha wembe utoke nje ili ukingo uwe na mteremko na usiguse karatasi. Pedi yangu akaifunika na kipande cha gazeti, akakipapasa kwa kiganja, akakitoa chekundu, akaweka kingine, mpaka gazeti likaanza kutoka na madoa mepesi tu. Baba mdogo alikuwa amenishauri nisafishe muhuri kwa petroli. Babu alikataa katakata: petroli huvimbisha mpira, na ua likishavimba halirudi. Alitumia kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu.

Hapo ndipo aliponionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtu yeyote. Aliugeuza muhuri uso juu, akaishika pedi mkononi, na pedi ndiyo akaigusisha kwenye mpira, vipigo vyepesi vingi, huku na huku. Kwa namna hiyo unauona wino unapokaa. Palipokolea sana unapaacha, palipo pakavu unaparudia. Chini ya kadi akalaza magazeti kama manne yawe godoro. Akaushusha muhuri wima, akaukandamiza mara moja bila kuuyumbisha, akahesabu mpaka tatu kwa sauti, akaunyanyua wima vilevile huku mkono wa kushoto ukiizuia kadi.

Vijistari vyote vilikuwepo. Niliweza kuhesabu petali.

Siku ya pili nilinunua manila nyeupe isiyong'aa kwa fedha yangu mwenyewe. Shangazi alinung'unika kidogo kwamba haina mng'aro, nami nikamwomba anivumilie. Nilipiga kadi 20 kwa usiku, nikifuta muhuri kila baada ya kadi tano, na kabla ya kila kadi mpya nilipiga kwanza kwenye karatasi chakavu. Hakuna iliyolazwa juu ya mwenzake. Nilifunga kamba sebuleni kutoka dirisha hadi mlango, nikazining'iniza kwa vibanio vya nguo, watoto wakawa wanapita chini yake wameinama. Pedi niliilaza kichwa chini kila nilipomaliza, kama babu alivyoagiza, wino ushuke upande wa kugusia.

Usiku wa sita zilitimia 120. Shangazi alitoka kusali akasimama chini ya kamba. Akaitoa moja kwenye kibanio, akapitisha kidole juu ya ua, polepole, kutoka petali moja hadi nyingine. Akakisogeza kidole kwenye taa. Kilikuwa safi. Akaketi mkekani, akavuta bunda la bahasha, akaniomba kalamu aanze kuandika majina.