Erthi ya chumba cha seva juu ya mwamba

Mwanza ni mji wa mawe. Ukichimba Isamilo, Bugando au Capri Point, mara nyingi sululu inagonga mwamba kabla shimo halijafika magotini. Erthi ni njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja na radi, na erthi rodi ni fimbo ya chuma inayofanya kazi hiyo. Rodi ya mita 1.5 inaingia sentimita 40, inagoma, fundi anaikata kwa msumeno, anafunga klempu na kufukia. Kwa macho erthi ipo, kwa kipimo haipo. Kisha juu ya hapo tunaweka seva, swichi ya mtandao, UPS (betri ya akiba) na mnara wa antena, halafu tunashangaa kwa nini kila msimu wa mvua unaondoka na poti za mtandao.

Dalili ya kwanza haihitaji kipimo chochote. Pitisha mgongo wa kidole kwenye bodi ya chuma ya seva au kabati. Ukisikia mtetemo kama wa nyuki, erthi imekatika mahali. Pawa saplai za kompyuta zina kapasita ndogo zinazounganisha laini na nyutro kwenye bodi, kwa hiyo bodi isiyo na erthi inakaa karibu na nusu ya umeme wa ukutani. Weka kipima volti kati ya bodi na erthi, utaona kama volti 115. Mkondo wake kwa kifaa kimoja ni mdogo sana, lakini unakuambia kwamba radi ikija haina pa kwenda. Anzia kwenye plagi na ekstensheni, maana nyingi zina pini ya tatu isiyoshika kitu ndani.

Sasa tuje kwenye rodi yenyewe. Ukinzani wa erthi, yaani jinsi inavyozuia umeme kushuka ardhini, hupimwa kwa omu na unategemea udongo kuliko shaba. Ukinzani wa udongo wenyewe hupimwa kwa omu-mita. Kwenye udongo mzuri wenye unyevu, wa omu-mita 100, rodi moja ya mita 1.5 inakupa takriban omu 60. Kwenye changarawe ya mwamba uliomomonyoka, omu-mita 1,000, rodi ileile inakupa omu 600. Hivyo anayekuahidi omu 5 kwa rodi moja kule kilimani hajapima. Nyumba za bondeni, au kule kwenye udongo mweusi wa mbuga njia ya kwenda Magu, zina nafuu, ingawa udongo ule ukikauka unapasuka na kuiachia rodi.

Pale ambapo rodi haiingii, lala chini. Chimba mfereji wa sentimita 50 hadi 75 ukifuata pale udongo ulipo kati ya mawe, hata kama unapinda, na ulaze ukanda wa shaba wa milimita 25 kwa 3. Hesabu ya haraka: zidisha ukinzani wa udongo kwa 2, gawanya kwa urefu wa ukanda kwa mita. Mita 30 kwenye udongo wa omu-mita 300 zinatoa omu 20. Funika ukanda kwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, iliyokorogwa kama uji mzito, kisha rudisha udongo laini na uushindilie. Chumvi na mkaa naomba tuachane navyo. Chumvi inapunguza namba siku ya kukabidhi kazi, mvua inaisafirisha, na kinachobaki kinakula shaba na klempu. Usiunge pia shaba na bomba la mabati chini ya ardhi. Bomba litaoza pale kwenye kiungo.

Omu 20 inatosha? Hapa ndipo nina msimamo. Tuseme radi ya ampia 10,000 imeingia kwenye erthi ya omu 20: hapo erthi nzima inapanda volti 200,000. Ukishuka hadi omu 5 bado ni volti 50,000. Poti ya mtandao imetengenezwa kuhimili jaribio la volti 1,500 tu. Kwa hiyo kuokoa vifaa hakutokani na namba ndogo peke yake. Kunatokana na kila kitu ndani ya jengo kupanda pamoja na kushuka pamoja.

Fikiria mtumbwi mwaloni. Wimbi likiuinua, ndoo, nyavu na samaki vyote vinapanda nao, hakuna kinachoumia. Kinachokatika ni kamba fupi iliyofungwa kwenye gati. Kebo ya mtandao inayotoka kwenye mnara wenye erthi yake hadi kwenye swichi yenye erthi nyingine ndiyo kamba hiyo. Ukiikuta imeungua, tazama ndani ya poti: pini za dhahabu zimekuwa nyeusi, mara nyingine plastiki ya kichwa cha kebo imevimba, na poti za jirani bado zinawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana napinga vikali ile desturi ya kuchimba “erthi safi ya kompyuta” na kuiacha peke yake mbali na erthi ya umeme. Chimba zote unazotaka, lakini ziunganishe: erthi ya main swichi, ya mnara, ya paa, ya jenereta na ya kabati la seva. Ndani ya chumba weka baa moja ya shaba ukutani, kila kifaa kije pale kwa waya wake, siyo kwa kurukia kifaa kingine. Milimita za mraba 6 kwa kabati, 16 kwa mnara na kwa waya unaotoka kwenye baa kwenda chini. Milango ya kabati nayo ina vibanzi vyake vya erthi. Ukikwangua rangi pale skrubu inapokaa, kiungo kinashika.

Kwenye main swichi panga kinga ya radi ya daraja la 1 (kwa mkondo wa radi yenyewe) na la 2 (kwa mawimbi ya umeme yanayobaki) kwa pamoja. Waya za kwenda na kutoka kwenye kinga zisizidi sentimita 50 kwa jumla, zinyooke, zisizungushwe kwa urembo. Mkondo wa radi unapanda ghafla mno, na kila mita ya waya inaweza kuongeza volti 1,000 au zaidi juu ya zile ambazo kinga imezuia. Pale umeme unapopanda mara kwa mara kupita volti 230, chagua kinga inayovumilia muda wote volti 320 au 385 badala ya 275, la sivyo itaungua yenyewe siku isiyo na wingu hata moja.

Kati ya jengo na jengo, pitisha faiba isiyo na waya wa chuma ndani. Bei ya faiba fupi na visanduku vyake viwili ni ndogo kuliko swichi moja iliyoungua.

Kuhusu UPS nina jambo moja. Ukitaka kujaribu betri, zima breka, usichomoe plagi. Ukichomoa, unakata pia erthi ya kila kilicho nyuma yake huku umeme wa betri bado unatembea.

Wadudu wa ziwani wanastahili neno pia. Wanapopanda kutoka majini kama moshi, wanafuata taa, na feni inawavuta ndani ya pawa saplai. Wakirundikana wanashika vumbi na unyevu, mijusi inawafuata kula, na mjusi mmoja akilala juu ya pini mbili anamaliza kazi. Zima taa ya chumba usiku, weka wavu laini kwenye matundu ya hewa na uusafishe, maana ukiziba joto linapanda na betri zinakufa mapema.

Kipimo cha erthi kifanywe Agosti au Septemba, udongo ukiwa mkavu kabisa, kwa sababu namba ya Aprili inadanganya. Zima main swichi kwanza, ndipo utenganishe waya. Kipima erthi kina mikuki miwili ya kuchomeka ardhini: wa mkondo uwe mita 30 kutoka kwenye erthi, wa volti mita 18.6, kisha usogeze huo wa pili mita 2 mbele na mita 2 nyuma. Vipimo vitatu vikitofautiana sana, ongeza umbali urudie. Erthi ikiwa ni ukanda mrefu, anza kabisa na umbali mkubwa zaidi. Pale mkuki hauingii kwenye jiwe, laza bamba la chuma juu ya gunia lililolowa maji, linasoma vizuri. Rudisha waya, kaza nati, andika tarehe na omu kwa kalamu ya rangi ukutani kando ya baa, atakayekuja mwakani alinganishe.