Nilivyofuatilia uharibifu wa DNA hadi ukawa badiliko la jeni

Nilipokuwa nikisoma baiolojia ya molekuli, nilisumbuliwa na swali moja: kwa nini besi ya DNA (moja ya "herufi" zinazoandika taarifa za urithi) iliyoharibiwa kikemia huweza kurekebishwa, ilhali badiliko la jeni linalotokana nayo, likishakamilika, haligunduliwi tena na seli? Kilichonifungua macho ni kuchora jozi moja ya besi na kuifuata katika mizunguko miwili ya kunakili.

Nilianza na sitosini, ambayo kwa kawaida huungana na guanini. Maji yaliyomo ndani ya seli, pasipo sumu yoyote ya nje, huweza kuiondolea kikundi chake cha amino na kuigeuza yurasili. Katika mzunguko wa kwanza, polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, huisoma yurasili kana kwamba ni thaimini, ikaweka adenini mbele yake. Katika mzunguko wa pili, adenini hiyo huwekewa thaimini, na jozi ya C (sitosini) na G (guanini) inakuwa T (thaimini) na A (adenini). Jozi hiyo mpya ni halali kabisa kikemia. Nafasi ya kurekebisha ilikuwa kabla ya kunakili, wakati yurasili ingali kitu kigeni katika DNA. Kimeng'enya kinachoiondoa kilielezwa mwaka 1974 na Tomas Lindahl, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2015.

Mchoro huohuo ulinieleza kwa nini sitosini yenye kikundi cha metili hubadilika mara nyingi zaidi: ikipoteza amino hugeuka moja kwa moja kuwa thaimini, besi ya kawaida ya DNA, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuitambua.

Mfano ulionivutia kuliko yote ni wa guanini iliyooksidishwa, yaani iliyoharibiwa kwa kuongezewa oksijeni, ambayo huweza kuungana na adenini. Binadamu wana kimeng'enya kiitwacho MUTYH, ambacho huiondoa adenini hiyo kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, kabla G haijawa T. Wanaorithi nakala mbili mbovu za jeni yake huelekea kuota vivimbe vingi katika utumbo mpana, na ndani ya vivimbe hivyo watafiti wamekuta mabadiliko ya G kuwa T yamekithiri, kama mchoro unavyotabiri.