Wachumba, Damu na Jibu la Yesu (Yohana 9:1–3)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wanafunzi walimwuliza Yesu: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Huku kwetu, Mbeya mpaka Iringa, swali la namna hiyo huibuka kila posa inapoletwa. Wazee wanapeleleza kimyakimya: ukoo ule una kifafa? Kuna mwenye ualbino? Siku hizi kimeongezeka kipimo cha selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, na wachumba wanauliza, tukikuta sote ni wabebaji, tuachane?

Kupima si kukosa imani. Mbebaji kwa kawaida ni mzima; amerithi kinasaba cha ugonjwa kwa mzazi mmoja tu. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa, na hesabu huanza upya kila mimba. Heri kulijua hili kabla mahari haijapelekwa, maana baada ya hapo aibu na fedha za ukoo ndizo zinazowaamulia vijana.

Ninachokikataa ni kusafisha ukoo. Mwaka 1907 jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu walioonekana hawafai kuzaa. Ujerumani ikatunga ya kwake mwaka 1933, na watu wapatao 400,000 wakafungwa uzazi, wakiwemo wenye kifafa na wasioona. Hata taasisi za kikanisa zilishiriki. Hiyo ni nchi ileile ambayo wamisionari wake walileta Injili Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo tusijidanganye kwamba kanisa haliwezi kupotelea huko.

Tena tunajua kidogo mno kuhusu kinachofaa. Mbebaji wa selimundu ana kinga dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti wa Afrika Mashariki. Kule Kyela, penye joto na mbu, kinasaba hichohicho kimewaokoa watoto wengi. Babu ambaye angekifuta kwa kukiona kasoro, angewaangamiza wajukuu aliotaka kuwalinda.

Yesu alijibu: "Huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake." Akamponya yule mtu, hakuuliza kama alistahili kuzaliwa.

Basi wachungaji wahimize kipimo, lakini cheti cha damu kisiwe sharti la kufungishwa ndoa. Wabebaji wawili wakiamua kuachana, tusiwaseme. Wakioana, mtoto apimwe mapema, apate dawa na kliniki, na jumuiya ichangie nauli ya hospitali. Na mama mkwe anayemwambia mkwewe "ugonjwa huu umetoka kwenu" ajue kwamba mtoto mwenye selimundu amerithi kwa wazazi wote wawili, na mwanawe yumo.