Jinsi Nilivyowekea Mipaka Makontena ya Hifadhi kwenye Seva ya Mashine Pepe

Seva niliyokabidhiwa inaendesha Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja), na ndani yake mna diski nane za TB 4 kila moja, zilizopangwa jozi jozi chini ya ZFS, mfumo wa kusimamia diski na mafaili, ili kila diski iwe na pacha wake. Kwa hesabu ya dukani jozi nne ni TB 16, lakini mfumo unahesabu kwa mafungu ya 1024, kwa hiyo hifadhi kuu niliyoikuta, ambayo inaitwa hazina, ilionyesha TiB 14.55 hivi. Idara tatu zilikuwa zinachota humo humo pasipo ukuta wowote baina yao: fedha, kumbukumbu na watengenezaji wa programu. Nilipojumlisha ukubwa wa diski pepe zote zilizokwisha kugawiwa, nilipata TiB 22.

Tofauti hiyo iliwezekana kwa sababu diski pepe ziliundwa kwa mgao wa ahadi, yaani mashine inaonyeshwa kwamba ina GiB 500 ilhali hakuna kinachotengwa mpaka data iandikwe. Mimi sioni ubaya katika utaratibu huo wenyewe, kwani mashine nyingi huomba nafasi kubwa na kutumia robo yake tu. Ubaya uko kwenye namna unavyoshindwa. Hifadhi kuu ikijaa, QEMU, programu inayoendesha kila mashine pepe chini ya Proxmox, husimamisha mashine inayojaribu kuandika, na kwenye ukurasa wa Proxmox hutokea pembetatu ya njano na maneno io-error. Anayesimamishwa si lazima awe aliyejaza. Mashine ya mishahara inayotaka kuandika kilobaiti chache husimama kwa sababu mtu wa idara nyingine amemwaga data ya majaribio usiku kucha. Tena ZFS haiandiki juu ya bloku (kipande cha data) ya zamani, bali huandika bloku mpya kisha huachia ile ya awali, kwa hiyo hata kufuta kunahitaji nafasi kidogo. Mfumo hujiwekea akiba ya ndani kwa ajili hiyo, sehemu moja ya 32 ya hifadhi, na tangu OpenZFS 2.1 akiba hiyo haizidi GiB 128, lakini akiba hiyo si ya mtumiaji na sikutaka kuifikia.

Kwa hiyo nililolitafuta halikuwa kuzuia matumizi tu. Nilitaka nafasi inapokwisha, iishe kwa yule aliyeitumia, na wengine wasijue lolote.

Niliunda dataseti tatu, yaani sehemu za hifadhi ya ZFS ambazo kila moja huwekewa masharti yake: hazina/fedha, hazina/kumbukumbu na hazina/majaribio (hii ya watengenezaji wa programu), kila moja ikiwa kontena la idara yake, kisha nikahamishia humo diski za mashine husika kwa chaguo la Proxmox la kuhamisha diski, ambalo hufanya kazi hata mashine ikiwa inaendelea kuhudumia watu. Baada ya hapo ndipo lilipokuja swali lililonichukua muda mrefu kuliko yote: kikomo kihesabu nini?

ZFS ina vikomo viwili vinavyofanana majina. Kile cha refquota huhesabu data ya dataseti yenyewe tu, bila snapshoti (picha za hali ya data ya wakati fulani) wala dataseti zilizo chini yake. Kile cha quota huhesabu kila kitu kilicho chini ya mti huo, snapshoti zikiwemo. Proxmox yenyewe hutumia refquota kwa makontena ya LXC, mashine nyepesi ambazo si makontena yangu ya hifadhi, ndiyo maana mtu aliye ndani ya kontena la GiB 20 akiandika df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, huona GiB 20. Lakini diski za mashine pepe ni dataseti ndogo zilizo chini ya ile ya idara, kwa hiyo refquota kwenye hazina/majaribio isingezigusa kabisa. Nilihitaji quota, na kwa kuichagua nilikubali kwamba snapshoti za idara zitakula fungu la idara hiyo hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ni haki: anayetaka kurudi nyuma siku 30 alipie siku 30 kwa nafasi yake.

Kuhusu viwango, nilianzia juu na kushuka. ZFS huanza kupungua kasi hifadhi inapokaribia kujaa, kwa kuwa nafasi zilizobaki huwa vipande vidogo vilivyotawanyika, na wengi wetu katika kazi hii hushika asilimia 80 kuwa mpaka wa usalama. Asilimia 80 ya TiB 14.55 ni TiB 11.6. Fedha nikawapa kikomo cha TiB 2.5, kumbukumbu TiB 5, majaribio TiB 3, jumla TiB 10.5. Juu yake nikaunda dataseti tupu yenye akiba ya GiB 300, kwa amri ya zfs create -o reservation=300G hazina/akiba. Haina faili hata moja. Kazi yake ni kushika nafasi ambayo naweza kuiachia kwa amri moja siku mambo yakiharibika, kabla sijaanza kumpigia mtu simu afute vitu vyake.

Kikomo peke yake humzuia mtu asivuke, lakini hakimhakikishii kwamba nafasi yake itakuwepo. Kwa sababu hiyo fedha niliwawekea pia reservation (nafasi iliyotengwa kwa ajili yao tu) ya TiB 2.5, sawa na kikomo chao, na kumbukumbu nikawawekea ya TiB 3. Majaribio sikuwawekea. Kiongozi wao alinilalamikia, nami nikamweleza kwamba data ya majaribio inaweza kutengenezwa upya, ilhali risiti za mwaka jana haziwezi.

Hapo kuna jambo moja la kuangalia kwa makini. Njia iliyokuwa wazi kwa fedha ilikuwa kuacha mgao wa ahadi na kuzipa diski zao nafasi kamili tangu mwanzo, jambo ambalo ZFS hulifanya kwa refreservation kwenye kila diski. Niliikataa kwa sababu ya snapshoti. Diski ya namna hiyo ikiwa na data GiB 400, snapshoti yake haichukuliwi mpaka kuwe na GiB 400 nyingine zilizo wazi, kwa kuwa mfumo lazima uhakikishe kwamba data yote inaweza kuandikwa upya huku ile ya zamani ikiwa bado imeshikwa. Usipolijua hili utaona amri ya snapshoti inakataa kwa madai ya kukosa nafasi wakati hifadhi ina nafasi tele. Nikaacha diski za fedha katika mgao wa ahadi, nikaweka dhamana kwenye kontena zima badala ya kila diski, na nikahakikisha jumla ya diski zao haipiti TiB 1.6 ili kinachobaki kiwe cha snapshoti.

Upande wa Proxmox kazi ilikuwa nyepesi. Kila dataseti niliisajili kama hifadhi inayojitegemea, na kila idara nikaipa haki ya PVEDatastoreUser (ruhusa ya kutumia hifadhi) kwenye hifadhi yake tu. Faida iliyonifurahisha ni kwamba ukurasa wa Proxmox huonyesha ukubwa wa hifadhi kwa kujumlisha kilichotumika na kilichobaki ndani ya dataseti, hivyo mtu wa majaribio sasa anaona hifadhi ya TiB 3, wala haoni tena ile bahari ya TiB 14.

Kabla ya kutangaza chochote nilijaribu kikomo chenyewe. Niliunda dataseti ndogo yenye quota ya GiB 20, nikaweka humo mashine yenye diski ya GiB 40, nikaanza kuijaza. Hapa ni muhimu kujaza kwa /dev/urandom, inayotoa data ya nasibu, wala si /dev/zero, inayotoa sifuri tupu, maana mbano wa data wa lz4 ukiwa umewashwa sifuri hazichukui nafasi, na utaona mashine inaandika GiB 40 huku kikomo cha 20 kikiwa hakijaguswa. Kwa data ya nasibu, uandishi ulikataliwa pale nilipotarajia, mashine ile ikapata hitilafu ya kuandika, na mashine za jirani hazikutikisika. Kwa mashine iliyogonga kikomo mambo si mepesi, na mfumo wake wa faili unaweza kujigeuza wa kusoma tu. Kwa hiyo niliweka barua pepe za tahadhari, ya kwanza kontena likifika asilimia 75 na ya pili asilimia 85.

Malalamiko yalikuja kutoka majaribio, kama nilivyotarajia. Kijana mmoja alifika ofisini na kompyuta yake mkononi akaniambia, "Kaka, df inaniambia nina GiB 180, wewe umenitumia barua pepe kwamba tumebakiwa na kidogo. Nimwamini nani?" Nikamweleza kwamba df ndani ya mashine huonyesha alichoahidiwa, na kontena huonyesha kilichopo. Akafuta mafaili mengi mbele yangu, na nafasi haikurudi. Tulifungua zfs list -o space -r hazina/majaribio tukaona sababu mbili. Kwanza, safu ya USEDSNAP ilikuwa kubwa, kwa kuwa snapshoti za wiki kadhaa zilikuwa zimeshika kila alichofuta. Pili, diski yake haikuwa imewashiwa Discard, kwa hiyo ZFS haikuwa na habari kwamba mashine imeachia bloku zile. Tukawasha Discard kwenye diski ya VirtIO SCSI, tukazima mashine na kuiwasha, tukaendesha ndani yake fstrim -av, amri inayotangaza bloku zilizoachwa, kisha tukafuta snapshoti za zamani. Safu ya AVAIL (nafasi iliyobaki) ikapanda papo hapo. Kwa kuwa nakala rudufu zetu hukaa kwenye seva nyingine, nilipunguza snapshoti za majaribio ziwe za siku 3 tu.

Kimebaki kitu kimoja ambacho quota haifanyi: haimzuii mtu kuunda diski pepe inayozidi kikomo chake. Proxmox itakubali diski ya TiB 4 ndani ya kontena la TiB 3. Kwa hilo nina hati fupi inayojumlisha volsize (ukubwa ulioahidiwa wa diski pepe) za kila kontena kila asubuhi na kuniandikia pale ahadi inapozidi kikomo mara moja na nusu.

Maombi ya kuongezewa nafasi hayajakoma. Kuongeza ni amri moja, zfs set quota=3500G hazina/majaribio, nayo hufanya kazi mara moja bila kuzima chochote. Kupunguza ndiko kugumu, kwani ZFS hukataa kikomo kilicho chini ya kiasi kilichokwisha kutumika. Ndiyo sababu kila nyongeza ninayoitoa kwa majaribio huandikwa na tarehe ya kurudi, na mkuu wa idara yao hutia saini kwamba kabla ya tarehe hiyo watakuwa wameshapunguza matumizi yao.