Maji kwanza, kitambaa baadaye

Julai ikifika, magari yote ya Mbeya yanakuwa ya rangi moja. Mvua zilishakata tangu Mei, upepo haupumziki, na kila lori linaloelekea Tunduma linatuachia vumbi lake sisi wa kandokando ya barabara kuu. Leo nimeshinda uani hapa Uyole naosha gari letu, taratibu, tangu baridi ya asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Mikono inanuka shampuu bado, na moyo umetulia. Nimeona niandike kabla sijalala.

Vumbi la huku si la kuchezea. Tunaishi katikati ya volkano: Rungwe, Ngozi na ziwa lake, Kiejo kule upande wa Tukuyu. Udongo wetu umechanganyika na majivu na vijiwe vyepesi vilivyorushwa na milima hiyo. Usage kidogo kati ya vidole, utasikia chenga zake. Sasa chenga hizo zikiwa juu ya boneti, mtu akapitisha tambara kavu, hapo hafuti, anapiga msasa. Rangi ya gari juu yake ina laki inayong'aa, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Ile mikwaruzo ya miduara unayoiona gari likisimama juani, mingi imeanzia hapo. Huwa naumia nikiona gari zuri linafutwa hivyo kila asubuhi kwa nia njema kabisa.

Mpwa wangu alitoka ndani na kitambaa mkononi.

"Shikamoo anko. Nianze na boneti?"

"Marahaba. Weka kitambaa kwanza, chukua jagi."

Tukaanza na paa. Maji tu, mengi, bila kugusa kitu, yateremke yenyewe kwenye vioo na milango. Maji ya asubuhi Julai yanauma mpaka kwenye mifupa, kijana akawa anabadilisha mkono kila baada ya majagi machache, lakini hakuacha. Ndipo zikaja ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kabla haijarudi kwenye shampuu. Akaniuliza kwa nini tusitumie sabuni ya unga, si ndiyo inayotoa uchafu zaidi? Inatoa, kweli. Kwa nguvu hiyohiyo inaondoa na waksi, rangi inabaki wazi kwa jua. Na jua la huku, kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, linachoma hata siku ambayo umevaa sweta. Ndiyo maana gari tuliliweka chini ya mparachichi, povu lisije likakauka na kuacha madoa.

Rimu zina sponji yake, na ndizo za mwisho. Vumbi la breki lina chembe za chuma, sitaki ziguse bodi.

Ila sehemu ninayoipenda kuliko zote haionekani mtu akisimama nje. Ukifungua mlango na kuinama, chini kabisa ya ukingo wake kuna vitundu vidogo. Maji ya mvua yanayopenya kwenye raba ya kioo hushuka ndani ya mlango na kutokea hapo. Gari letu linakwenda Tukuyu mara kwa mara, na mvua za kule mnazijua, basi tope huingia humo likakauka na kuziba. Maji yakikosa pa kutokea yanalala ndani, kutu inaanza upande usioonekana, na siku rangi inapovimba kwa nje bati limeshaliwa. Nikampa kijana njiti ya mti. Akachokonoa kitundu cha mlango wa nyuma, mara yakachuruzika maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, na vipande vya jani vilivyooza. "Anko, kumbe yalikuwa humu!" Hakungoja kuambiwa, akahamia mlango mwingine. Pale nilijisikia fahari sana juu yake.

Kukausha, waksi, kapeti kupigwa na kuanikwa ukutani, hayo yalikwenda haraka.

Zimebaki taa za mbele. Plastiki yake imegeuka njano kwa jua, na usiku wa ukungu kule Isyonje, njiani kwenda Tukuyu, mwanga hafifu ni hatari. Jirani amenishauri dawa ya meno. Inang'arisha kweli, lakini baada ya muda mfupi unjano unarudi, kwa sababu tabaka la kukinga jua limeshakwisha. Nataka kuifanya kazi yenyewe: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000 ulio laini zaidi, polishi, halafu dawa ya kukinga jua juu yake. Jumatatu nitapita sokoni Mwanjelwa kuulizia vifaa hivyo, na kijana ameshaniambia nisianze bila yeye.